Somo la Redio: Sauti Hukaa Muda Gani Chumbani?

Leo tutajifunza kukadiria mvumo.

Pigeni kofi moja katika darasa tupu la matofali lenye sakafu ya saruji. Sauti haikatiki papo hapo. Huvuma kwanza, ndipo inyamaze. Ukuta mgumu huirudisha sauti kama mpira unavyodunda. Nguo, mablanketi na miili ya watu huinyonya. Dirisha lililo wazi huitoa nje, isirudi tena.

Mvumo mrefu una hasara. Mwalimu asema “pata”, na sauti haijaisha, asema “paka”. Maneno yapandana. Mzee aliyeketi nyuma hazitambui silabi. Hudhani kichwa chake ni kizito, na juma lifuatalo haji. Kosa si lake. Kosa ni la chumba.

Mwaka 1895, huko Marekani, Wallace Sabine, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Harvard, alipewa kazi ya kutengeneza ukumbi ambamo hotuba hazikusikika vizuri. Alipima mvumo kwa saa, akaingiza mito ya viti, akapima tena. Hatimaye akapata kanuni. Ni hii:

Zidisha urefu, upana na kimo cha chumba kwa meta. Jibu lizidishe kwa 0.16. Kisha gawanya kwa unyonyaji wa chumba. Utapata sekunde ambazo sauti hufifia hata ibaki sehemu moja ya milioni ya nguvu yake.

Tuseme darasa lenu lipo Tunduma. Urefu ni meta 10, upana 5, kimo 3.

10 × 5 × 3 = 150. Na 150 × 0.16 = 24.

Kuta, sakafu na dari ngumu hunyonya kidogo tu, jumla kama 6.
24 ÷ 6 = sekunde 4.

Fungueni madirisha ya meta za mraba 6. Kila meta ya mraba huhesabiwa 1. Unyonyaji sasa ni 12.
24 ÷ 12 = sekunde 2.

Waingie watu wazima 24. Kila mmoja hunyonya karibu nusu, yaani wote 12. Unyonyaji ni 24.
24 ÷ 24 = sekunde 1.

Sasa “pata” na “paka” zatengana.

Lakini angalieni: madirisha yanayoelekea barabara kuu, yanakopita malori ya kwenda Nakonde, yataingiza ngurumo. Fungueni ya upande wa pili. Watu wakiwa wachache, tundikeni mablanketi mazito kwenye ukuta wa nyuma.

Kazi ya nyumbani: pimeni darasa lenu, mkadirie mvumo wake. Kisha mwulizeni aliyeketi nyuma kabisa amesikia neno gani.

Kwaherini.