Fukwe za Barbados na Namna ya Kuzichagua

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za kisiwa kimoja kilicho mbali sana na kwetu, na juu ya jambo ambalo mtu akilisikia mara ya kwanza aweza kudhani ni la starehe tu. Mgeni akifika katika kisiwa hicho, naye ataka kwenda kuoga baharini, achague ufukwe upi? Msicheke. Swali hili si la mchezo, maana jibu baya laweza kumtoa mtu roho.

Kisiwa chenyewe chaitwa Barbados. Mkifunua ramani ya dunia mtaona upande wa magharibi safu ya visiwa vidogo iliyopindana kama upinde, ikiitenga Bahari ya Karibi na Bahari ya Atlantiki. Barbados haimo katika safu hiyo. Imesimama peke yake upande wa mashariki, yapata maili 100 kutoka kwa wenzake, nje kabisa katika Atlantiki. Urefu wake ni maili 21 na upana maili 14, na ukubwa wake wakaribiana na ule wa kisiwa chetu cha Mafia. Lakini watu wake ni wengi mno, wapata 280,000. Waingereza walianza kukaa huko mwaka 1627, kisha wakaleta watumwa kutoka Afrika Magharibi kulima mashamba ya miwa, na wenyeji walio wengi leo ni wazao wa watumwa hao. Nchi ilipata uhuru wake mwaka 1966, na mwaka 2021 ikawa jamhuri.

Sasa tuje kwenye bahari yenyewe. Kwetu pwani hata mtoto mdogo ajua kuwa pepo zetu kubwa ni mbili, Kaskazi na Kusi, na kila upepo una miezi yake. Ufukwe uliotulia wakati wa Kaskazi huenda ukachafuka wakati wa Kusi. Barbados hakuna zamu ya namna hiyo. Upepo wao watoka mashariki, au kaskazini-mashariki, karibu mwaka mzima. Nao watoka mbali, kwa maana kati ya kisiwa hicho na pwani ya Afrika Magharibi hakuna nchi kubwa yo yote ya kuuzuia. Katika rasi iitwayo Ragged Point, iliyo mashariki ya kisiwa, wataalamu wamekuwa wakipima vumbi lililomo hewani tangu miaka ya 1960, wakaona kwamba vumbi hilo lapeperushwa kutoka jangwa la Sahara. Fikirini basi: ikiwa vumbi la bara letu laweza kuvuka bahari yote ile, je, mawimbi yaliyosukumwa na upepo huo huo siku baada ya siku yatafika na nguvu kiasi gani?

Mabaharia wetu wana maneno mawili yanayofaa sana hapa. Upande wa chombo unaopigwa na upepo huitwa upande wa goshini, na upande ulio kinyume chake, uliokingwa, huitwa upande wa demani. Kichukueni kisiwa cha Barbados kana kwamba ni jahazi kubwa lililotia nanga. Mashariki ni goshini daima. Magharibi ni demani. Mtu aliyeshika jambo hili moja amekwisha kujua nusu ya yote ayatakayo kujua, hata kabla hajashuka melini.

Tena kuna tofauti nyingine. Sisi twahesabu siku za mwezi, maana wakati wa bamvua maji yetu hupwa mpaka mtu akatembea kwa miguu hata kwenye mwamba. Barbados maji hujaa na kupwa kidogo tu, karibu futi tatu hivi. Kwa hiyo mwoga bahari wa huko hana haja ya kuuliza habari za mwezi kama aulizavyo mtu wa Tanga au Lamu. Aulize upepo.

Nawapa mfano mmoja. Niliwahi kuwaonyesha wanafunzi wangu picha za fukwe nne za kisiwa hicho, nikawaambia kila mmoja achague mahali pa kuoga. Karibu wote walichagua Bathsheba. Siwalaumu, maana hapana mahali pazuri kuliko hapo kwa macho. Ni pwani ya mashariki, vilima vya kijani vyateremka mpaka baharini, na katika maji yamesimama majabali makubwa ya matumbawe ya kale, yaliyoliwa na mawimbi chini hata yakabaki kama uyoga, kichwa kikubwa na shingo nyembamba. Lakini yaangalieni majabali hayo tena. Ni kitu gani kilichoyala shingo? Maji yenye nguvu ya kula jiwe hayatashindwa na kifua cha mtu.

Wanaokwenda Bathsheba kwa shughuli za majini ni vijana wenye kuteleza juu ya mawimbi kwa mbao, nao ni mafundi waliozoea. Mahali pao pajulikana duniani pote kwa jina la Soup Bowl, yaani bakuli la mchuzi, kwa sababu ya povu lake. Wengine hukaa katika vidimbwi vilivyo kati ya mawe, maji yanapopwa, wakajiburudisha bila kwenda mbele. Jina la mahali ni la yule mke wa Uria ambaye Daudi alimwona akioga. Huenda jina likamdanganya mgeni, kwani kuoga ndiko kusikofaa hapo! Kidogo kaskazini yake pana ufukwe mrefu uitwao Cattlewash, mtupu, wenye upepo mzuri wa kutembea, nao ni wa hatari vile vile.

Hatari yenyewe si wimbi lile mlionalo likianguka. Wimbi humwangusha mtu, akainuka na mchanga kichwani, basi. Hatari ni maji yanayorudi. Mawimbi yakileta maji mengi ufukweni, maji hayo lazima yarudi baharini, nayo hutafuta njia, pengine mfereji mwembamba kati ya mafungu ya mchanga. Hapo hufanyika mkondo wenye mbio, ukimchukua mtu kumpeleka kilindini. Nao hudanganya, maana mahali ulipo mara nyingi mawimbi hayavunjiki, kwa hiyo mgeni hupaona pametulia, akapachagua hapo hapo. Mtu aliyechukuliwa asishindane nao kwa kuogelea moja kwa moja kuelekea nchi kavu. Hata hodari atachoka. Na aogelee kwa ubavu, sambamba na ufukwe, mpaka atoke katika mkondo, kisha ndipo arudi pwani. Asipoweza, na aelee tu huku akiinua mkono na kupiga kelele. Ninyi wanafunzi wa pwani, yashikeni haya, kwa kuwa mikondo ya namna hii hutokea hata kwetu penye mlango katika mwamba.

Tukizunguka kisiwa kwa kufuata kusini-mashariki twafika Crane. Hapo jabali refu limesimama juu ya mchanga mweupe wenye wekundu kidogo, na zamani juu yake palikuwa na winchi ya kupakia na kupakua mizigo ya vyombo. Jina latoka hapo. Mawimbi ni makubwa, lakini siku njema, penye walinzi, mwogeleaji hodari hufurahi. Jirani yake ni Bottom Bay, penye minazi na majabali pande zote. Picha yake hupamba matangazo mengi ya wasafiri. Ni mahali pa kula chakula kivulini na kutazama. Maji yake nisingemshauri mtu kuyaingia.

Kusini kabisa, kwenye Silver Sands, upepo ni mkali, na wenye kupenda michezo ya tanga hukusanyika. Toka hapo kuelekea magharibi bahari yaanza kupoa. Penye mji wa wavuvi wa Oistins kuna ufukwe wa Enterprise, ambao wenyeji huuita pia Miami, nao una pande mbili, mmoja wenye mawimbi na mmoja uliotulia; baba aweza kuwaacha vijana wakubwa upande huu na wadogo upande ule, naye akae katikati. Mbele zaidi pana ufukwe uitwao Accra, sawasawa na ule mji wa Ghana, wenye mawimbi ya kadiri na watu wengi sana siku za mapumziko.

Lakini mkinitaka niseme ufukwe mmoja tu, nitasema Carlisle Bay. Ni ghuba ya mviringo kama mwezi mchanga, karibu kabisa na mji mkuu wa Bridgetown. Upepo hupita juu ya nchi kavu kwanza, kwa hiyo ghuba imetulia. Mchanga ni mweupe. Chini ya maji mna mabaki ya meli zilizozama, samaki wamefanya nyumba humo, na kasa waogelea kati ya watu. Tena alfajiri, katika sehemu iitwayo Pebbles, wachungaji huwaleta farasi wa mashindano kuoga baharini. Na jambo ninalolipenda zaidi ni kwamba wazee wa mjini huja hapo asubuhi na mapema, wakasimama ndani ya maji mpaka shingoni, wakazungumza. Ufukwe ambao wazee wa mahali wauamini, mgeni naye aweza kuuamini.

Pwani ya magharibi, kuanzia Paynes Bay kupita Holetown mpaka Mullins, ndiyo iliyotulia kuliko zote, maji kama ya birika. Hata hivyo lazima niseme maneno mawili matatu. Wakati wa baridi huko kaskazini, dhoruba za mbali hupeleka mawimbi makubwa hata upande huu, na kwa siku chache demani hukosa maana yake. Toka Juni hata Novemba ni majira ya tufani. Mwaka 2024, mwanzo wa mwezi wa Julai, tufani iliyoitwa Beryl ilipita kusini ya kisiwa, na mawimbi yake yakavunja na kuzamisha mashua nyingi za wavuvi.

Neno jingine ni mti. Pwani hiyo huota mti wenye kivuli kizuri uitwao manchineel, na matunda yake ni kama matufaha madogo ya kijani. Waspania waliyaita tufaha dogo la mauti. Utomvu wake huunguza ngozi ikafanya malengelenge, na matunda yake ni sumu. Hata mvua ikinyesha, maji yadondokayo toka majani yake humwunguza aliyejikinga chini. Miti mingi imetiwa alama ya rangi nyekundu shinani, bali si yote. Kivuli cha mti usioujua usikikalie.

Kwa habari ya mchanga, ule mweupe si jiwe la kawaida. Umetoka katika matumbawe yaliyosagika, na msagaji mmojawapo ni samaki aina ya pono, ambaye hukwangua matumbawe kwa meno yake akatoa mchanga tumboni. Anayewavua pono wote anaondoa na mchanga wa watoto wake. Ng'amba nao hutaga mayai katika fukwe hizo, hasa kati ya Mei na Oktoba, na watoto wao wakitoka usiku huifuata nuru. Taa za mahoteli huwapoteza njia wakaelekea barabarani.

Tangu mwaka 2011 limekuja jambo geni. Mwani wa rangi ya kahawia uelekeao na mikondo ya Atlantiki huletwa kwa wingi, miaka mingine kwa marundo makubwa, nao ukioza hutoa harufu ya mayai viza. Kwa kuwa waletwa na upepo na mkondo, hujazana goshini, yaani mashariki na kusini, na pwani ya magharibi huponea. Mwajua tena kwa nini nimewachosha na habari za upepo.

Limebaki jambo moja, nalo huwagusa wenyeji kuliko wageni. Kwa Barbados mchanga wa ufukweni ni wa watu wote. Hakuna mwenye hoteli awezaye kusema ni wake. Lakini kumiliki nchi iliyo nyuma ya mchanga kwaruhusiwa, na upande wa magharibi nyumba za matajiri na mahoteli yamesimama bega kwa bega, hata kwa safari ndefu msafiri wa barabarani haioni bahari ila kuta. Njia nyembamba za kupita kati ya kuta hizo ndizo wenyeji wanazozigombea, na uwazi uliobaki wauita madirisha ya bahari. Ufukwe wa watu wote usio na njia ni kama kisima kilichofungiwa uani mwa mtu.

Kwa hiyo mgeni akiuliza ufukwe, na aulize na njia. Apande basi la watu, ashuke pamoja na wenyeji, awafuate wapitapo. Na siku ya Ijumaa jioni asikose Oistins, ambako samaki huchomwa hadharani na watu hukaa mpaka usiku wa manane.