Somo la Watu Wazima: Mwalimu Gregory Maloba, Fundi wa Sanamu

Leo tusome pamoja habari za mtu aliyehama kwao kwa ajili ya elimu.

Jina lake ni Gregory Maloba. Alizaliwa mwaka 1922 huko Mumias, magharibi ya Kenya. Alipokuwa kijana alivuka mpaka, akaenda Uganda kusoma katika Chuo cha Makerere, Kampala. Huko alifundishwa na Bibi Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanzisha masomo ya sanaa chuoni hapo mwaka 1937. Baadaye Maloba alikwenda Uingereza kuongeza elimu. Aliporudi Makerere alikuwa mwalimu.

Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962. Kwa ajili ya uhuru huo Maloba alitengeneza sanamu kubwa, nayo ingali imesimama mjini Kampala. Ni mama aliyezongwa mikanda mwilini, anamwinua mtoto juu. Mtoto naye ameinua mikono. Mama ni nchi iliyokuwa imefungwa. Mtoto ni taifa jipya. Hata mtu asiyejua herufi moja huweza kuisoma habari hiyo kwa macho.

Pengine mzee mmoja darasani atauliza, "Sisi hapa Pemba hatuna desturi ya kusimamisha sanamu. Habari hii yatufaa nini?"

Swali lako ni zuri, mzee wangu. Hatukuambii uchonge sanamu. Lakini mtazame fundi wa mashua, au bibi afinyangaye vyungu. Kila mmoja ana ujuzi mikononi mwake. Akifa bila ya kumfundisha mtu, ujuzi ule huzikwa pamoja naye.

Maloba hakuuficha ujuzi wake. Alifundisha Makerere miaka mingi, kisha akarudi Kenya, akafundisha katika chuo kikuu mjini Nairobi. Alifariki mwaka 2007. Sanamu yake imesimama mahali pamoja, haiondoki. Lakini mwanafunzi ana miguu: huchukua alichofundishwa akaenda nacho mbali.

Basi, wewe uliyejifunza kuandika jina lako, usingoje mpaka umalize vitabu vyote. Jioni ya leo mwite jirani, mfundishe naye kuandika lake.

Maswali:
1. Maloba alizaliwa wapi, na alikwenda kusoma wapi?
2. Mama na mtoto katika sanamu wana maana gani?
3. Wewe una ujuzi gani? Umemfundisha nani?