Asiyeandika Wosia Naye Ameamua

Mada iliyowasilishwa katika semina ya wanachama wa chama cha akiba na mikopo

1. Utangulizi



Katika familia nyingi, baba akitaja wosia huulizwa anaumwa nini. Wapo wanaoamini kwamba kuuandika ni kujiitia kifo. Ninakuja kutetea hoja moja: asiyeandika wosia naye ameamua. Ameiachia sheria imgawie mali yake, na huenda ni sheria ambayo asingeikubali kama angeisoma akiwa hai.

2. Usipoandika, nani anagawa?

Tanzania Bara mirathi huendeshwa kwa mifumo mitatu. Mahakama hutazama dini ya marehemu, kabila lake na hasa mwenendo wa maisha yake.

Kwa Waislamu mafungu yanajulikana. Mke hupata thumni marehemu akiacha mtoto, na robo asipoacha. Kwanza hutolewa gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wosia, ndipo warithi wapate. Wosia wenyewe usizidi theluthi ya mali, wala haumwongezei mrithi kitu bila ridhaa ya wenzake.

Sheria ya Urithi ya India ya 1865, tuliyoachiwa na ukoloni, bado hutumika, hasa kwa Wakristo walioacha maisha ya kimila. Humo mjane mwenye watoto hupata theluthi moja, watoto theluthi mbili.

Mfumo wa tatu ni sheria ya kimila, iliyoandikwa katika Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963 kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba. Hapa naomba tutulie. Kwa kanuni hizo, mjane hana fungu ikiwa mume ameacha ndugu wa ukoo. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Mtoto wa kiume wa kwanza yuko daraja la kwanza, wavulana wengine la pili, mabinti la tatu. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kutokomeza Ubaguzi dhidi ya Wanawake ilikuta kwamba Tanzania imevunja haki za wajane wawili waliotolewa nyumbani kwao kwa kanuni hizi, ikataka zibadilishwe. Mwanamke aliyepalilia shamba la ukoo, kihamba au kibanja, miaka 30 hastahili kuomba hifadhi kwa shemeji.

3. Hatua ya kwanza: majina kwenye hati

Kinga ya mapema kuliko wosia ni hati. Sheria ya Ardhi ya 1999 inawaruhusu mke na mume kumiliki ardhi kwa pamoja. Mmoja akifariki, haki yake humwendea aliyebaki. Kiwanja mlichokinunua kwa jasho la wawili kikiandikwa jina moja, mwenye jasho la pili ndiye atakayebebeshwa mzigo wa kuthibitisha mchango wake mbele ya hakimu, tena akiwa bado kwenye matanga.

4. Wosia unaosimama mahakamani

Kwa sheria ya kimila, wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma na kuandika unahitaji mashahidi wasiopungua 2: mmoja wa ukoo, mmoja wa nje. Asiyejua kusoma anahitaji 4, wawili wa kila upande. Wosia wa mdomo nao unataka mashahidi 4 kwa mgawanyo huohuo. Kwa sheria ya 1865, shahidi aliyepewa kitu katika wosia hukipoteza. Basi chagua shahidi asiye na maslahi.

Weka tarehe na sahihi. Taja kila mtoto kwa jina, wakiwemo waliozaliwa nje ya ndoa; kuwaficha ni kuwaachia watoto wako ugomvi. Ukitaka kubadili maneno, badili: wosia haufanyi kazi mpaka wewe mwenyewe ufe. RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, huandaa na kuhifadhi wosia, ili usije ukapotea au kuchanwa na asiyeupenda.

5. Orodha ya mali, na msimamizi

Mali isiyojulikana haigawiki. Andika akaunti za benki, hisa za chama, fedha za simu, mashamba na mipaka yake, unaowadai na wanaokudai. Usiandike namba za siri. Andika mali ilipo.

Mteue pia msimamizi mwaminifu, na familia ielewe kwamba msimamizi si mrithi. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kuwagawia wenye haki. Mahakama ya mwanzo humtaka awasilishe taarifa ya mali na madeni ndani ya miezi 4 tangu ateuliwe. Anayejenga nyumba yake kwa fedha za mirathi anawaibia yatima, na warithi wana haki ya kuiomba mahakama imwondoe.

6. Mapendekezo

Napendekeza tuazimie haya:

(a) Kila mwanachama ahakiki jina la mrithi kwenye fomu yake ya chama. Wengi waliijaza kabla ya kuoa, kuolewa au kupata watoto.

(b) Wenye ndoa wakague majina kwenye hati zao na waanze taratibu za marekebisho.

(c) Chama kimwalike ofisa wa RITA siku ya mkutano mkuu, wanachama waandike wosia hapohapo.

(d) Kila mmoja azungumze na mwenzi wake na watoto wakubwa kabla ya kuandika. Wosia unaowakuta warithi wakijua sababu zake hupunguza kesi.

Akiba tunaiweka kwa ajili ya watu tunaowapenda. Tuwape na karatasi itakayoifikisha mikononi mwao.