Mshahara wa mchezaji ni upi?

Juma lililopita nilikwenda Kashozi, kaskazini ya mji wa Bukoba, kuzika. Kijana wa bodaboda aliyenichukua mjini alikuwa akichechemea goti. Nilipomuuliza, akaniambia: "Mzee, hili goti ni la Ligi Kuu."

Kumbe alicheza mpira miaka tisa, katika timu ya mbali, si ya huku kwetu. Tulipofika msibani akanionyesha mkataba wake wa mwisho, ameutunza kwenye mfuko wa nailoni kama hati ya kibanja. Humo imeandikwa shilingi 1,500,000 kwa mwezi. Akasema kwa fahari kwamba fedha hizo alizipata zote, hazikukatwa hata senti.

Hapo ndipo nilipohuzunika.

Mchezaji mwenye mkataba wa ajira ni mfanyakazi kama karani au mwalimu. Kwa mshahara huo, asilimia 10 ni mchango wake wa NSSF, yaani 150,000. Zinazobaki 1,350,000 zinatozwa kodi, na kwa viwango vilivyoanza Julai 2021 kodi hiyo ni 233,000. Mkononi zingebaki 1,117,000. Mwajiri ndiye anayepaswa kukata na kupeleka kodi hiyo TRA. Mwajiri pia anaongeza fungu lake NSSF, ili mchango wote ufikie asilimia 20.

Hata fedha za usajili zimo. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inahesabu kuwa mapato ya ajira hata malipo anayopewa mtu ili akubali masharti ya kazi. Vijana wetu huziona kama zawadi ya harusi: gari kwanza, hesabu baadaye.

Sasa tazama hasara. Pensheni ya uzeeni inataka michango ya miezi 180, ndiyo miaka 15. Ni wachezaji wangapi wanaodumu uwanjani miaka 15? Kijana wangu alicheza miezi 108. Kama yote ingechangiwa, angebakiza 72 tu, na angeweza kuijazia mwenyewe kidogo kidogo kwa bodaboda yake, maana NSSF inawapokea waliojiajiri. Lakini alipokwenda kuuliza alikuta miezi 14. Zile laki moja na nusu alizofurahia kila mwezi zilikuwa uzee wake, na fungu la mwajiri lililopaswa kuandamana nazo halikuonekana kabisa.

Viongozi wa timu watasema kiingilio cha mlangoni hakitoshi. Labda ni kweli. Lakini asiyeweza kulipa mchango asiandike milioni moja na nusu, aandike anachokiweza.

Mwanariadha anayekimbilia fedha ng'ambo naye ana lake. Mwaka 2014 wakimbiaji wa Kenya, Wilson Kipsang akiwa miongoni mwa wasemaji wao, waliingia katika mvutano na mamlaka ya kodi ya nchi yao, wakilalamika kwamba zawadi zao zilikwisha kukatwa kodi huko walikoshinda. Hapa kwetu, tangu Alphonce Simbu aliponyakua ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo Septemba 2025, vijana wengi wanaota mbio hizo, nami nawaombea heri. Ila wajue kwamba mkazi wa Tanzania anahesabiwa mapato yake ya nje pia. Sheria inamruhusu kupunguziwa kwa ajili ya kodi aliyolipa huko, lakini lazima aithibitishe kwa karatasi. Medali haikubaliwi kuwa stakabadhi. Kwa hiyo kabla ya kupanda ndege, adai hati ya makato kwa waandaaji au kwa wakala wake.

Nilimshauri kijana wangu arudi NSSF na mkataba ule pamoja na taarifa zake za benki, kwani mfuko una mamlaka ya kumdai mwajiri michango asiyoipeleka. Na aanze kujichangia mwezi huu huu, hata kidogo.

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema mdogo wake naye amesajiliwa, mkataba uko nyumbani kwa mama yao, na hakuna aliyeusoma zaidi ya ule ukurasa wenye fedha. Nimemwambia auleta Jumapili, tuusome wote watatu.