Mashine Yetu ya Mtandao, na Namna ya Kuujua Ugonjwa Wake

Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu mbele ya Mkutano Mkuu wa mwaka wa kumi



Kamati imeniagiza nitumie nusu saa ya sherehe hii kueleza jambo ambalo wengi wenu mmeniuliza njiani, sokoni na hata matangani. Jambo lenyewe ni ile tovuti ya Chama, ambamo kila mwanachama aweza kutazama kwa simu yake kilo za kahawa alizopeleka mizanini, malipo ya kwanza aliyopewa, makato, na baki anayodai. Wasemaji walionitangulia wamesifu maghala na malori. Mimi nimepewa shauri lisiloonekana kwa macho, nami naomba mnivumilie.

Sababu ya Kamati kutaka jambo hili lisemwe hadharani mnaijua. Mwezi wa Februari 2025, siku ya kutangaza malipo ya pili, tovuti ilikataa kufunguka asubuhi nzima, na kabla ya adhuhuri neno lilikuwa limekwisha kuenea vijijini kwamba Chama kimeficha hesabu. Vyama viwili vya msingi viliandika barua kutaka kujitoa. Mkulima ambaye babu yake alipunjwa mizanini, na baba yake vile vile, hana sababu ya kuliamini daftari lililofungwa, wala mimi simlaumu. Basi yafaa ajue ni kitu gani hasa kilichofungwa siku ile.

Tovuti yetu haimo katika kompyuta ya ofisini, kama wengine wanavyodhani. Imo katika mashine ndogo tuliyoipanga kwa mwezi, ambayo mafundi huiita seva, nayo iko Frankfurt katika nchi ya Ujerumani. Mwenye nyumba hutupa umeme, njia ya intaneti na chumba. Yaliyo ndani ya chumba ni juu yetu wenyewe. Kodi yake haifiki bei ya debe moja la dizeli, lakini chumba ni kidogo: kumbukumbu ya kazi ni megabaiti 1,024 tu. Kumbukumbu ya kazi si diski. Diski ni kabati ambamo vitabu hulala. Kumbukumbu ya kazi ni meza ambayo juu yake vitabu hufunuliwa. Kabati letu ni kubwa, ila meza yetu ni ndogo, na habari nyingi nitakazozisema zatoka katika udogo wa meza hiyo.

Mlangoni mwa mashine twamweka bawabu, nayo ni programu iitwayo Nginx, iliyotungwa na Mrusi Igor Sysoev na kutolewa kwa watu wote mwaka 2004. Bawabu huyu hupokea wageni wengi mno bila kuchoka. Mgeni akitaka picha au ukurasa usiobadilika, humpa mwenyewe. Akitaka hesabu zake, bawabu hupeleka ombi nyuma, kwa programu ya hesabu, ambayo nayo hulitazama daftari kuu katika hifadhidata. Kisha jibu hurudi kwa njia ile ile. Wako watatu, basi: bawabu, karani wa nyuma, na mtunza daftari. Ajuaye kuwatenga watatu hawa amekwisha kupata nusu ya ufundi.

Sasa niwaeleze siku ile ya Februari. Wanachama waliofungua ukurasa hawakuona giza. Waliona namba 502. Watu wengi waliichukua kuwa ni takataka za mashine, kumbe ni barua. Maana yake ni kwamba bawabu yu hai mlangoni, ameipokea hodi yako, amegeuka nyuma kumwita karani, na karani hakuitika. Kama mashine nzima ingalikuwa imekufa, au njia ya Ulaya imekatika, wala namba usingeiona. Kwa hiyo namba ile peke yake ilikwisha kutuambia tusihangaike na mtandao wa simu, wala na bawabu, bali tumtafute karani.

Fundi tuliyekuwa tumemkodi wakati ule aliiwasha mashine upya. Tovuti ikafunguka dakika tano, ikaanguka. Akaiwasha tena, na mara ya tatu. Sipendi dawa hiyo. Ni sawa na kumwamsha mtu aliyezimia kwa njaa na kumrudisha shambani bila uji. Alipoulizwa na Kamati alijibu kwamba ametazama katika daftari la matukio, ambalo mafundi huliita logi, na saa ile waliyoitaja wakulima hakuna lolote lililotokea. Jibu hilo ndilo lililowasha moto zaidi, kwa kuwa lilifanana na uongo.

Walakini hakusema uongo. Wakulima walisema saa mbili asubuhi. Yeye akageuza kwa Kizungu, akatafuta saa 8, akaona mistari mitulivu. Mashine ya Frankfurt ilikuwa ikihesabu saa za dunia, zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu. Saa mbili yetu asubuhi huandikwa 05. Alikuwa akisoma habari za saa tano na kuendelea, wakati tovuti ilipokuwa imekwisha kuinuka. Kwa bahati njema Mswahili ana njia fupi kuliko Mzungu katika hesabu hii: chukua saa iliyoandikwa katika logi, utoe tatu, nawe umepata saa yetu. 05 ni saa mbili, 10 ni saa saba. Na ikizidi kumi na mbili, toa kumi na mbili, uhesabu za usiku.

Tulipofunua mahali palipostahili, habari yote ilikuwamo. Bawabu alikuwa ameandika mara mamia kwamba amegonga nyuma na kukataliwa. Na katika logi ya Linux yenyewe, yaani mfumo unaoiendesha mashine, paliandikwa kwamba kumbukumbu imekwisha, na kwamba programu imeuawa. Msishtuke, ndivyo mfumo ule ulivyoundwa. Meza ikijaa kabisa, Linux huchagua mmoja wa walioikalia, mara nyingi yule aliyetwaa nafasi kubwa, humfukuza ili wengine wasife wote.

Kwa nini meza ilijaa? Hapa naomba makarani wa mizani wanisikilize, maana ni hesabu kama zao. Programu ya hesabu hufanya kazi kwa watumishi wengi, na kila mtumishi kwetu alikula megabaiti 50 hivi. Mfumo wenyewe, bawabu na hifadhidata pamoja walikwisha kutwaa kama 450. Zilibaki 570 na kitu. Lakini katika faili la masharti iliandikwa kwamba watumishi waruhusiwe kufika 40. Arobaini mara hamsini ni 2,000! Siku za kawaida watu wanne au watano walikuwa wakifungua tovuti kwa wakati mmoja, na hapakuwa na taabu. Siku ya malipo kila nyumba ilishika simu, watumishi wakaitwa kumi, kumi na mbili, kumi na tano, meza ikavunjika.

Tuliandika 8 mahali pa 40. Wapo walioniuliza, je, kupunguza watumishi siku ya kazi nyingi si wazimu? Sivyo. Mtumishi mmoja humaliza ombi kwa muda usiofika nusu ya sekunde. Wanane basi hupitisha zaidi ya 900 kwa dakika, na waliozidi husimama foleni, nao foleni hawaioni kwa kuwa ni ya sekunde chache. Makarani wanane wenye nafasi ya kunyosha mikono hupima kahawa nyingi kuliko arobaini waliosongamana katika banda moja. Tukaongeza pia gigabaiti moja ya diski iwe meza ya akiba. Ni nzito sana kwa mwendo, haifai kutegemewa, lakini humpa mtu muda wa kuja kutazama. Malipo yaliyofuata yalitangazwa, na 502 haikuonekana.

Ugonjwa wa pili uliotupata ni wa kabati. Bawabu huandika kila mgeni anayepita, na wageni si wanachama tu. Mashine yoyote iliyo na mlango katika intaneti hugongwa mchana na usiku na mashine nyingine zinazotafuta penye upenyo. Hutafuta kurasa tusizokuwa nazo kabisa, na kubahatisha maneno ya siri. Msomaji mpya wa logi hudhani tumevamiwa. Sisi hatuingii kwa neno la siri tena, twaingia kwa faili la ufunguo, na maneno yao hayafungui kitu. Ila maandishi yao yalijaza diski, na diski ikijaa hifadhidata haiwezi kuandika hata kilo moja ya kahawa. Kijana mmoja wetu aliyakuta mafaili makubwa ya logi akayafuta, na diski ikabaki imejaa vile vile. Mambo haya humtia mtu wasiwasi wa uchawi. Sababu ni kwamba bawabu alikuwa bado amelishika faili lile mkononi; limetoka katika orodha, lakini nafasi yake hairudi mpaka aliache. Aliamriwa afungue daftari jipya, na nafasi ikarudi mara moja. Siku hizi logi hubadilishwa na kubanwa zenyewe kila juma.

La tatu lilitokea Agosti 2025, nalo ndilo lililowatisha akina mama wengi, maana simu zao ziliandika kwamba njia si salama. Hapakuwa na mwizi. Tovuti inayochukua habari za watu sharti iwe na cheti, ambacho huithibitishia simu kwamba mashine inayojibu ndiyo yetu, na kwa hicho mazungumzo hufungwa yasisomwe njiani. Chetu twapewa bure na Let's Encrypt, shirika lililoanza kuwapa watu wote Desemba 2015, mwaka ule ule Chama hiki kilipoandikishwa. Cheti hicho kilidumu siku 90, na programu katika mashine hukiomba upya zikibaki kama siku 30. Ili kupewa kipya, shirika huja kubisha hodi katika mlango namba 80 kuona kama kweli sisi ndio wenyewe. Mwezi wa Juni mtu mwenye nia njema aliufunga mlango huo katika ukuta wa kinga, akisema kwamba wageni wote hupita mlango namba 443, na mlango usiotumika ni hatari. Hodi zikapigwa wiki nyingi bila kuitikiwa. Cheti cha zamani kikaendelea kutumika, kila mtu akaona mambo ni mema, hata siku zake zilipokwisha. Zamani shirika lile lilituma barua ya kuonya kabla ya cheti kufa. Desturi hiyo waliiacha mwezi huo huo wa Juni 2025. Na kwa hiyo sasa tarehe ya mwisho wa cheti imeandikwa kwa chokaa katika ubao wa ofisi, hapo panapoandikwa bei ya kahawa, na karani wa zamu huithibitisha kila Jumatatu.

La nne ni dogo. Makatibu walilalamika kwamba picha za stakabadhi hukataliwa na kuonyesha 413. Bawabu, asipoambiwa vingine, hapokei mzigo uzidio megabaiti moja, na picha za simu za leo ni kubwa kuliko hapo. Tumemruhusu kumi.

Kuhusu kubadili masharti ya bawabu, utaratibu wetu ni huu. Faili hunakiliwa kwanza. Jambo moja tu hubadilishwa kwa mara moja, kwa maana ukibadili matatu na tovuti ikapona hujui lililoiponya, na ikizidi kuugua hujui lililoiua. Kisha hutolewa amri ya nginx -t, ambayo hulisoma faili na kutaja mstari wenye kosa bila kumgusa bawabu aliye kazini. Likiwa safi, bawabu huambiwa asome upya, si kuzimwa. Wageni waliomo humalizwa kwa masharti ya zamani, wapya huanza na mapya, wala hakuna anayefukuzwa. Mwisho, aliyefanya huandika katika daftari la karatasi jina lake, saa na alilolibadili. Daftari hilo liko wazi kwa mwanachama yeyote.

Ufunguo wa kuingia katika mashine wanao watu watatu, na mmoja wao si mtumishi wa Chama bali ni mjumbe aliyechaguliwa na wakulima. Kamati ilibishana sana juu ya huyo wa tatu. Mimi nilimtaka, kwa sababu ya barua zile mbili.

Nanyi wanachama, tovuti ikikataa, msiniletee habari ya kuwa imekataa tu. Leteni namba mliyoiona na saa mliyoiona, kwa saa zetu. Kutoa tatu, au kujumlisha, ni kazi ya ofisi. 502 ni karani asiyeitika. 504 ni karani aliyeitika lakini amechelewa mno. 403 ni ruhusa. Kama hamkuona namba yoyote, tazameni kwanza kama salio la simu lipo. Na hesabu zote zilizomo katika tovuti zimo pia katika vitabu vya chama chenu cha msingi, ambavyo havihitaji umeme.

Orodha ya namba hizo imepigwa chapa kwa herufi kubwa, nakala moja kwa kila banda la mizani. Ziko kwa mweka hazina; makatibu wazitie sahihi na kuzichukua kabla chakula hakijaandaliwa.