Macho ya Mtoto Mchanga



Tumetakiwa na Kamati tuseme maneno machache juu ya malezi, nasi tumechagua habari ya macho. Katika nyumba nyingi husemwa ya kwamba mtoto aliyezaliwa leo haoni, ya kwamba ni kama kinda la paka, atafumbua macho baadaye. Neno hilo si kweli, tena lina hasara yake, kama tutakavyoeleza.

Mtoto huona tangu saa ya kuzaliwa, ila haoni mbali. Aonapo vizuri kidogo ni inchi 8 hadi 12, yaani kadiri ya kutoka titi la mama hata uso wake. Kilicho mbele ya hapo kwake ni kama ukungu. Mama asimamaye naye katika kivuko cha Likoni akamwonyesha meli ziingiazo Kilindini anajifurahisha nafsi yake tu. Mtoto wa wiki tatu atazama uso wa mama, wala si uso wote. Mwezi wa kwanza macho yake hufuata ukingo: pale nywele zikutanapo na paji la uso, na kidevu. Macho ya mama na mdomo wake huanza kuvichungua apatapo miezi miwili.

Jambo hili la ukingo lilipimwa Ufaransa, na habari zake zikachapishwa mwaka 1995. Watoto wa siku nne hivi walionyeshwa mama zao pamoja na wanawake wengine, nao wakawatazama mama zao zaidi. Lakini wanawake wote walipofunga vitambaa kichwani, nywele zisionekane, watoto hawakuweza tena kuwatofautisha kwa macho. Akina mama wetu wa mtandio wasifadhaike: mtoto anayo pua na masikio, na sauti ya mama ameizoea tangu tumboni.

Mtaalamu wa Marekani, Robert Fantz, alionyesha mwaka 1963 ya kwamba hata watoto wasiotimiza siku tano hupenda michoro kuliko rangi tupu. Picha ya uso, miviringo iliyo ndani kwa ndani, hata kipande cha gazeti, vyote walivitazama kwa muda mrefu kuliko duara jekundu au la manjano lisilochorwa kitu. Basi kanga ya mama, pamoja na pindo lake na mji wake, yatosha kuwa kitabu cha kwanza cha mtoto. Hatuoni sababu ya mtu wa mshahara mdogo kununua vikorokoro vya plastiki kwa ajili ya mtoto wa mwezi mmoja. Juu ya wanja twasema neno moja tu: weusi wake huvutia, lakini wanja mwingine uuzwao una madini ya risasi ndani yake, na hayo ni sumu kwa ubongo wa mtoto. Heri usipakwe.

Kwa miezi minne au mitano macho mawili huanza kufanya kazi kama jozi, naye mtoto hujua lililo karibu na lililo mbali. Apatapo miezi 8 hivi, ukificha ufunguo chini ya kikombe atakifunua kuutafuta, ambapo hapo kwanza alikuwa akiusahau mara moja.

Picha nazo zina habari yake. Walikuwako wataalamu waliodai ya kwamba Mwafrika hawezi kuitambua picha mpaka afundishwe. Mwaka 1998 zilichapishwa habari za watoto wa miezi 9 wa Marekani, na wengine wa kabila la Wabeng wa Ivory Coast, wasiozoea picha kamwe. Wote walijaribu kukichukua kwa vidole kile kitu kilichochapwa katika karatasi! Wa kijijini na wa mjini walifanya mamoja.

Sasa tufike penye hasara. Macho hayakui peke yake kama kucha. Ubongo hujifunza kuona kwa kuona, na muda wa kujifunza una mwisho. David Hubel na Torsten Wiesel walishona jicho moja la paka wachanga, wakalifungua baada ya miezi. Jicho lilikuwa zima, lakini ubongo haukulipokea tena. Walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1981.

Yuko mtoto katika mtaa mmoja wa huku kwetu aliyeonekana na weupe ndani ya mboni alipokuwa na miezi miwili. Nyanya yake akasema ni jicho la watu, akafungiwa hirizi. Baba akasema watoto wachanga hawaoni, tungoje. Alifikishwa hospitali akiwa na miaka minne. Ule mtoto wa jicho ukaondolewa vizuri kabisa, na hata leo hilo jicho halimwonyeshi ila mwanga. Angalipasuliwa katika wiki zake za kwanza na kuvishwa miwani, habari yake ingalikuwa nyingine.

Kwa hiyo weupe katika mboni usingojwe hata wiki moja, hata ukionekana katika picha ya simu tu, kwa maana pengine si mtoto wa jicho bali ni saratani, nayo huua. Mtoto wa miezi mitatu asiyefuata uso upitao mbele yake apelekwe. Makengeza yasiyokwisha baada ya miezi minne, vilevile. Siku ya chanjo mwulizeni mwuguzi ayatazame macho, msiondoke kabla hajayatazama.

Wa Kisauni na Changamwe wanayo Coast General kisiwani. Wa Likoni wakumbuke ya kwamba kituo cha macho cha Kwale, kilichoanzishwa mwaka 1993, kipo upande wetu huu huu wa maji, wala hakuna kungojea kivuko.