Somo la Leo: Karani na Ubao wa Matangazo

Ndugu wanafunzi wa Mtwara, nanyi mlio kando ya Ruvuma, Kilambo na Mahurunga, fungueni madaftari. Leo tutajifunza namna ya kuongeza kurasa za habari katika programu ya intaneti ya chama cha ushirika.

Tazameni kwanza ofisi ya chama wakati wa korosho. Mkulima akiuliza kilo zake, karani hufungua daftari akamtafutia jina lake. Jibu la huyu si jibu la yule. Lakini siku ya mnada ni moja kwa wote. Hiyo huandikwa mara moja, ikabandikwa ubaoni. Hata watu mia wakiisoma, karani hasumbuliwi.

Programu nayo ni karani. Kila iulizwapo hutafuta katika kumbukumbu zake, ikatengeneza ukurasa papo hapo. Wengi wakiuliza kwa pamoja, huchelewa, na pengine huzimika. Basi, habari zilizo moja kwa wote zipelekeni ubaoni.

Kazi yenyewe ni hii. Kwanza, andika habari katika faili ya maandishi ya kawaida. Pili, tumia programu ndogo, kama Jekyll iliyotolewa mwaka 2008, kugeuza faili hizo kuwa kurasa kamili. Tatu, weka kurasa hizo katika seva, chini ya anwani ile ile ya chama. Mtu akiomba ukurasa, hupewa ulivyo; haupikwi upya.

Faida yake ni wepesi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikawa dhaifu nchini. Siku kama hiyo, ukurasa mwepesi waweza kupita pale mzito unapokwama.

Lakini angalieni! Ubao haujibadilishi wenyewe. Siku ya mnada ikisogezwa, sahihisha faili, kisha tengeneza kurasa upya. Tangazo la zamani likibaki, mkulima atakosa mnada, na wenzake watakubali au kukataa bei ya korosho zake bila yeye. Kwa hiyo kila habari iandikwe tarehe.

Kazi ya nyumbani: lipi ni la karani, lipi ni la ubao?
1. Kilo zako ghalani.
2. Siku ya mkutano.
3. Malipo yako.
4. Wakati wa kupuliza salfa.

Kwaherini.